Kina Mama Samweli wa Avenyu Yetu

Wiki iliyopita nililia msiba wa mtu aliye hai. Mnanijua: mimi na mlango wangu hatuachani ovyo, ndiyo maana habari hunifikia nusu. Mwenye pikipiki alipita akisema, "Mama Samweli amekufa." Sikuuliza yupi. Nikajitwika kifuko cha makala, makaa ya kupikia, maana jiko la kilio halichangiwi kwa machozi, nikaanza kulia tangu uani kwa jirani yangu Mama Samweli. Jirani mwenyewe alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ukabaki juu. "Unamulilia nani, baba?" Nikatupa kifuko pale pale, nusu furaha, nusu aibu.

Marehemu alikuwa Mama Samweli mwingine, muuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kule mtaa wa Kavimvira. Kwetu mwanamke akizaa hufunikwa na jina la kifungua mimba wake, nami nilikuwa mteja wa marehemu miaka mingi bila kumjua kwa jingine. Historia ya jina hilo alinisimulia mwenyewe huku akinifungia ndagala. Alikaa katika ndoa bila mtoto, mawifi wakimsema hadi mlangoni pa kanisa. Akaomba kama Hana wa Biblia, na kama Hana akaapa: akipewa mtoto, atamrudisha kwa Mungu. Akapewa. Akamwita Samweli, jina ambalo Hana alimpa mtoto wa maombi yake. Alipomwachisha ziwa, akakikumbuka kiapo. Akafunga vinguo vya mtoto katika kitenge, akampeleka kwa mchungaji. "Huyu hapa. Ni wa Mungu." Mchungaji akamtazama mtoto, kisha akatazama uani kwake. "Mama, minye mwenyewe niko na watoto saba, na wote wanakula. Rudi naye, umulee. Mungu iko hata kwako." Alirudi akilia njia nzima, mtoto mgongoni amelala.

Ndiyo sababu jina hili halichakai huku ufukweni. Wasomi wabishane kuhusu maana yake. Mama zetu wanalisikia kama jina la mtu aliyeomba, akapewa, kisha akaruhusiwa kubaki naye. Lakini jina la marehemu mwenyewe nimelisoma juzi tu, kwenye msalaba wa kaburi lake, Samweli akiwa ameushika usimame wima. Nikaona tuwaulize mama zetu majina yao wangali wanaweza kuitika. Nikaanza na jirani, huku jicho moja likitafuta kile kifuko nilichokitupa siku ile kwa aibu. Akanijibu bila kuacha kutwanga: "Jina langu la nini? Bado sijakufa. Na makala usiiangalie. Uliileta kwa kilio yangu, inabaki hapa."