Tufe la Saruji

Tarehe tisa Machi 1997, asubuhi, nilifiwa na mke wangu. Alikuwa ameugua sukari kwa miaka miwili. Jioni ile shemeji, kaka yake mkubwa, aliniletea daftari na kalamu niandike wasifu wa marehemu wa kusomwa makaburini.

"Usisahau rekodi," alisema. "Hicho ndicho watu watakachokuja kukisikiliza."

Niliandika alikozaliwa, kanisa alimobatizwa na mwaka aliomaliza darasa la saba. Nilipofika kwenye kurusha tufe, kalamu ikasimama.

Sote wawili tuliwahi kufanya kazi Ipinda, kwenye ghala la shirika lililokuwa likinunua mpunga. Mimi nilikuwa mtu wa mizani. Yeye aliandikwa kushona magunia, ingawa kila mtu alijua aliajiriwa kwa ajili ya mkono wake. Mashirika siku hizo yalikuwa na michezo yao kila mwaka, na meneja wetu alitaka kombe. Baada ya kazi mke wangu alifanya mazoezi kwenye sakafu ya kuanikia mpunga, ndani ya duara tulilolichora kwa majivu. Alilibana tufe shingoni chini ya taya, akainama, akateleza kinyumenyume kwa mguu mmoja, akageuka na kulisukuma kwa sauti ya mtu aliyekanyaga kaa la moto. Wapakiaji walikuwa wakisogea pembeni bila kuambiwa.

Masika moja tufe lilizama kwenye jaruba la mpunga nyuma ya ghala. Tulichokonoa tope kwa fito siku mbili, hatukulipata. Meneja akaagiza jingine kwa fundi wa kuchomelea wa Kyela mjini. Hakuna aliyemtajia fundi uzito wake. Mke wangu alikwenda mwenyewe akamwonyesha kwa viganja: "Linanienea hivi." Fundi akaunganisha vipande viwili vya chuma, ndani akajaza saruji, akapaka rangi nyeusi. Lilipendeza. Sisi tuliopima kila gunia lililopita mlangoni hatukulipima. Tuliona tufe ni tufe.

Mwaka ule michezo ya mkoa ilifanyika kwetu, na tufe la wanawake lilikuwa hilo hilo. Alilirusha kupita mita kumi na mbili, umbali ambao hakuna mwanamke wa mkoa aliyekuwa ameufikia. Wakambeba mabegani. Miezi miwili baadaye akapelekwa Dar es Salaam kwenye michezo ya taifa. Kule hakufika hata mita kumi na moja. Mwalimu wa timu aliporudi alisema kwamba mama huyu nguvu anazo, ila uwanja mkubwa ulimtisha.

Mke wangu aliamini. Aliniambia kwamba alipolishika tufe la kule mkono wake ulilegea, lilimwelemea kana kwamba si yeye.

"Ni woga," alisema. "Sikujua kama mimi ni mwoga."

Hakurusha tena. Shirika lilipojiondoa na wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, akaanza kununua mchele Mwaya na kuuza Ipinda. Sokoni walimtania.

"Bingwa, leo soko limejaa, hutetemeki?"

"Natetemeka. Ndiyo maana nakupimia kidogo."

Walicheka, naye alicheka. Nyumbani hakucheka.

Kazi yangu ya mwisho ghalani ilikuwa kupima vyuma chakavu. Tufe lilikuwemo. Nililiweka kwenye mizani peke yake, nikaona kilo tatu na robo. Tufe la wanawake ni kilo nne. Nililipima mara tatu, nikaomba nipewe, nikalipeleka nyumbani na kulisukumia uvunguni. Sikumwambia. Nilijiambia namhifadhia rekodi yake. Si kweli. Nilipenda kuitwa mume wa bingwa.

Nilinyamaza miaka mitatu. Kisha mwalimu mkuu wa shule moja ya Mwaya alikuja kumwomba awafundishe wasichana.

"Ndaga, mwalimu," alimshukuru. "Lakini nitawafundisha nini? Kuogopa?"

Mwalimu alipoondoka nilimwambia yote. Alilitoa tufe uvunguni, akalifunga kwenye kanga, akaenda dukani kwa mzee mmoja ambaye wazazi wake walitoka pwani. Nilimfuata nyuma.

"Nipimie hili, mzee."

"Bi mkubwa, umeanza kuuza mabomu?" Akaliweka kwenye mizani. "Tatu na robo. Na sikuweka kidole, wewe shahidi."

"Pima tena."

"Ya Rabi! Tatu na robo."

Alisimama pale akiutazama mshale. Kisha akanigeukia.

"Kwa hiyo sikuogopa."

"Hukuogopa."

"Na wewe umejua miaka mitatu. Miaka mitatu wananiita mwoga, unakula ugali wangu umenyamaza."

Kwa karibu mwezi mzima aliniwekea chakula mezani bila neno. Lakini wiki ile ile alikwenda Mwaya, na aliwaambia wale wasichana mwenyewe: rekodi ile ni ya tufe jepesi, msiihesabu. "Ushindi wangu uko palepale," aliwaambia, "maana wenzangu nao walirusha hilo hilo." Aliwafundisha hadi mguu ulipomkatalia kwa ugonjwa wa sukari.

Basi kwenye daftari niliandika kwamba alikuwa bingwa wa mkoa, na kwamba michezo ya taifa alikwenda akarusha tufe zito kuliko alilolizoea, wala hakuogopa. Mita sikuandika.

Makaburini shemeji alisoma vizuri, kwa sauti. Alipofika hapo aliondoa macho kwenye karatasi, akasema kutoka kichwani: "Rekodi yake, mita kumi na mbili na zaidi, haijavunjwa hadi leo." Ile sentensi ya woga akairuka.

Nilisimama. Mama mmoja alinivuta koti. "Keti, baba. Keti, uchungu huo."

Nilisema tufe lile lilikuwa la saruji, na mwenyewe alikwisha kuikana rekodi hiyo. Nilisema watu walimwita mwoga, nami nilijua si kweli na nikanyamaza. Sikuwa na zaidi.

Mchungaji alifungua kitabu, akataja wimbo. Shemeji alikunja karatasi, akaitia mfukoni, akachukua sepetu bila kunitazama, na wakaanza kufukia.