Amepumzika

Chuoni tulijifunza kushona kwa kitambaa cha marekani. Rangi yake ni ya maziwa, kila kosa la uzi linaonekana. Siku hiyo nilikuwa naunganisha mkono wa blauzi. Nikakohoa, na tone jekundu nalo likaonekana. Nilikikunja kitambaa upesi, nikakitia mkobani, nikachukua kingine na kuendelea kukanyaga cherehani kama vile hakuna jambo. Nilikanyaga kwa kasi mpaka sindano ikavunjika.

Nilikuwa nimeshapita miaka arobaini. Tangu nimalize kidato cha nne nilikuwa mtu wa kufungasha: Mombasa nikiuza vitenge, Unguja nikifua mashuka ya hoteli, Moshi kwa shoga yangu mwenye duka. Kila mji niliuacha ghafla, na kila mji naukumbuka mpaka leo, harufu ya ngazi zake, sauti ya milango yake. Niliporudi Tanga na kujiunga na chuo kidogo cha ushonaji kule Raskazone, dada yangu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Weye? Ukae kiti kimoja mpaka mwisho?"

"Safari hii namaliza," nilimwambia. Nilitaka walau jambo moja katika maisha yangu nilifikishe mwisho.

Hospitali walinipa kikopo cha kutemea makohozi. Majibu yakaja: kifua kikuu. Mkuu wa chuo, mama mpole, aliisoma karatasi ya daktari akiwa ameinyoosha mbali na uso wake. Akasema nitaahirisha masomo, nikipona nafasi yangu ipo. Niliutazama ule mkono ulionyooshwa, nikaona nafasi yangu haipo. Nilitoka bila kumuaga mtu.

Dada yangu alinichukua kwake Kigombe. Alifungua madirisha yote, akanitengea kikombe na sahani. Hakufanya kwa ubaya, lakini kila nilipokiona kile kikombe peke yake dirishani nilijiona nimeshahama duniani nusu. Dawa zilinigeuza mkojo ukawa rangi ya machungwa. Mara ya kwanza nilipiga kelele chooni, nikidhani damu imepata njia nyingine. Dada akaja mbio, akachungulia, akasema, "Ni dawa hiyo, mama wee, nesi si alikwambia?" Labda aliniambia. Kwa hofu niliyokuwa nayo sikuwa nasikia vizuri. Mchana nilijilaza nikisikiliza pumzi yangu inavyoingia na kutoka, na nilikuwa naogopa kulala, nisije nikaacha kuisikiliza.

Siku moja usingizi ulinishinda. Nilipoamka dada aliniambia mwenzangu wa chuo alipiga simu.

"Nani?"

"Sijui, msichana. Nikamwambia umepumzika. Simu ikakatika."

Nilijua ni nani: msichana wa Nguvumali niliyekaa naye meza moja, wa umri wa kuwa mwanangu. Niliizima simu, asije akapiga tena kuniuliza naumwa nini. Nilipoiwasha, baada ya wiki nyingi, hapakuwa na ujumbe wa mtu yeyote. Wamenikimbia, nikasema moyoni. Wameshajua.

Dawa ziliisha. Makohozi yalipimwa, yakawa safi. Kikohozi kikavu kilibaki, daktari akasema kitakwisha chenyewe. Nisingekiogopa kama ningekuwa naweza kukitofautisha na kile cha kwanza. Asubuhi ya kurudi chuoni nilisimama stendi ya Tanga mjini na mkoba wangu, nikasikia makondakta wakiita abiria wa Horohoro. Kutoka Horohoro unavuka mpaka, na jioni uko Mombasa. Mguu mmoja ulikuwa umeshageuka. Nikaupandisha kwenye bajaji, nikamwambia dereva Raskazone, haraka, kabla sijabadili mawazo.

Msichana wa Nguvumali alikuwa mlangoni mwa darasa akikung'uta vumbi la pamba kwenye gauni lake. Aliponiona mkasi ulimdondoka.

"Auzubillahi!"

Nikasimama. Nilidhani ni ugonjwa anaoukimbia. Wengine wakajaa nyuma yake, hakuna aliyesogea. Yeye akasema kwa sauti ndogo, taratibu, kama anayepima maji kwa kidole:

"Shikamoo, shangazi?"

"Marahaba."

Alipumua. "Hebu sema tena."

"Marahaba, mwanangu. Una nini?"

"Si tuliambiwa umepumzika!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Dada yangu alimaanisha nimelala. Huyu alisikia nimekufa.

"Nilimuuliza lini," akasema huku machozi yanamtoka, "akanambia tangu adhuhuri. Nikakata simu. Nilipopiga tena ikawa imezimwa. Tukakusomea hitima, shangazi, nyumbani kwetu. Darasa zima walikuja, hata Wakristo walikaa barazani."

"Mlipika nini?"

"Wali wa nazi."

"Pilau mliniona sistahili?"

Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka, lakini lile neno hitima halikunitoka. Nilikuwa nimeshasomewa.

"Mbona hamkuja Kigombe kutoa mkono wa pole?"

Kicheko kikakatika. Msichana akainama kuuokota mkasi. "Nilitaka kuja. Mama alinikataza. Alisema nyumba yenye kifua kikuu haiendewi."

Kwa hiyo walijua. Nilipita katikati yao, nao wakanipisha, njia pana kuliko mwili wangu. Meza yangu ilikuwa pale pale, cherehani imefunikwa kanga. Niliivua ile kanga na vumbi la pamba likaniingia puani.

Kikohozi kikaja. Nilijikaza, kikazidi. Nikanyakua kipande cha marekani mezani, nikakohoa humo mpaka macho yakatoka maji. Nilipomaliza, wote walikuwa wamegeuka kunitazama. Kipande kilikuwa kimekunjamana mkononi mwangu. Mkoba ulikuwa bado begani, na mlango ulikuwa wazi.

Siku ile ya kwanza kitambaa nilikikunja, nikakificha mkobani. Safari hii vidole havikutaka kufunguka, nikavilazimisha kimoja kimoja. Nikakitandaza kitambaa juu ya meza, mbele yao wote.

Mate tu. Rangi ya maziwa.

Msichana wa Nguvumali ndiye aliyesogea kwanza. Aliinama, akakitazama sana, kama anayekagua mshono wa mtihani. Kisha akavuta kiti chake, akakaa pale alipokuwa akikaa zamani, ubavuni kwangu.

"Haya, marehemu," akasema. "Nipe uzi mweupe."

Nikampa uzi, nikaushusha mkoba chini ya meza. Mpaka jioni nilikohoa tena na tena, na kila mara tulitazama wote wawili, mimi kwanza, halafu yeye.