Kitanda cha Udongo

Mwaka ule mto Malagarasi ulifurika ukazoa nyumba nyingi za Ilagala, na watu wakahamishiwa katika madarasa ya shule. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo tu nyumbani Gungu. Nikachukuliwa kuwa mkalimani wa mshauri nasaha mmoja wa kike aliyetoka Dar es Salaam na boksi la kalamu za rangi. Kazi yake, alinieleza njiani, ni kuwasaidia watu wachore yale wasiyoweza kuyasema.

Watoto walichora. Wakubwa walikunja mikono.

"Mwambie sisi si chekechea," mvuvi mmoja mzee aliniambia kwa Kiha. Mkewe alichukuliwa na maji, na tangu siku hiyo hadi maneno haya, mzee alikuwa akiitikia salamu tu.

Nilitafsiri kwa kulainisha, lakini mshauri alielewa. Aliinama akakusanya karatasi zake.

Aliyetuokoa ni mama mmoja Mrundi, mfinyanzi, mkimbizi aliyeolewa pale kijijini. "Dada, wape udongo," alimwambia mshauri kwa Kiswahili. "Mimi nilipokimbia vita sikuwa na maneno. Nilikuwa nafinyanga chungu, nakivunja, nafinyanga tena."

Kesho yake alikuja na karai la udongo kichwani. Wanawake ndio walioanza, wakifinyanga mafiga, mitungi, hata kuku. Mzee alitazama siku mbili. Siku ya tatu alimega bonge, akatengeneza kitanda kidogo, kisha akakibonyeza katikati kwa kidole gumba, pakabaki bonde kama mtu ametoka kuamka.

"Alikuwa na homa," akasema. "Nikamwambia, wewe lala, mimi nikautazame mtumbwi. Nikaenda kuokoa mtumbwi."

Nilifungua mdomo nitafsiri. Yule mama akanishika goti.

"Acha, mwanangu. Amesikia."

Kweli, mshauri asiyejua Kiha alikuwa ameketi sakafuni karibu na mzee, mikono yake imejaa udongo. Ndipo nilipojua kwamba si kila kitu kilihitaji kupitia kinywani mwangu.

Sitasema mzee alipona siku ile. Alihamia kwa binti yake, Buzebazeba. Miezi kadhaa baadaye binti huyo alinisimulia kwamba baba yake alimweleza habari yote ya mafuriko, mara moja tu, walipokuwa wakichambua maharage. Mzee hakulia. Aliyelia ni yeye binti, na baba akamsogezea kiti.