Niliona Aibu Kumsemea Mama Mbele ya Daktari

Mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba na ninaandika polepole. Kosa ninaloeleza ni langu, sina wa kumsingizia.

Mama yangu hajui Kiswahili, anaongea Kiiraqw tu. Tumbo lilipoanza kumsumbua, dada yangu aliyeolewa Gehandu alipiga simu. "Msiende bila mimi! Wewe hata dukani unaomba chumvi kwa kunong'ona, daktari utamweleza nini?"

Niliudhika. Nikatoka na mama hapa Tlawi, nikampeleka hospitali peke yangu.

Daktari alikuwa kijana, karibu rika langu. Mlango ulikuwa wazi na watu wamejaa nje. Akasema, "Muulize mama anaumwa wapi."

Mama alieleza kirefu. Kwamba kuna kitu kigumu chini ya kitovu, karibu na kinena, na kinakua. Kwamba haja ndogo inamsumbua. Hakuonyesha kwa mkono, alijisitiri mbele ya wanaume. Alinitegemea mimi.

Jamani, kwetu mtoto wa kiume hataji mambo ya mwili wa mama yake! Nikasema, "Tumbo linauma. Hapa juu."

Akaandikiwa altrasaundi ya tumbo la juu. Mpimaji akampaka mafuta ya baridi, akapitisha kifaa chini ya mbavu, kisha akaniuliza, "Huku chini je, kuna shida?"

Nikasema hakuna. Hakuna!

Picha ikatoka safi. Mama akafurahi, akaniambia, "Basi ni uzee tu."

Uzee huo ukaendelea kukua, mpaka sketi yake ikawa haifungi tena. Dada akaja, akampeleka mwenyewe, akasema kila kitu bila kupepesa macho. Altrasaundi ya pili ikauona uvimbe. Tukatumwa hospitali kubwa kwa kipimo cha CT scan, na daktari wa huko akatuonyesha kwenye kompyuta: uvimbe ulioota kwenye nyama laini za ndani, uko nyuma ya utumbo, umekua mpaka umeegemea figo.

"Hamkupima mapema, ukiwa mdogo?"

Dada akanigeukia.

Nilipomwomba mama msamaha, alisema, "Nilijua siku ile ile. Mimi nilisema maneno mengi, wewe ukamwambia mawili."

"Mbona ulinyamaza, mama?"

"Ulikuwa unatoka jasho, mwanangu. Nikakuonea huruma."

Afadhali angenichapa!

Wiki ijayo anapasuliwa. Huenda figo moja ikatolewa pamoja na uvimbe, na daktari hajatuahidi kitu. Silali vizuri. Nakaa, nasimama, natoka nje, narudi. Nimeomba safari hii nimsemee mimi tena, na dada amekubali, ila atakaa pembeni akisikiliza. Kwa hiyo nazunguka zizi nikiyataja kwa sauti yale yaliyonishinda, ng'ombe wananishangaa. Kinena. Haja ndogo. Uvimbe.

Vijana wenzangu, ukimsindikiza mzazi, sema kama alivyosema. Ukishindwa, mwite dada yako, mwite nesi, wewe utoke nje. Mashine inatazama pale tu ulipoielekeza!

Na kama mama yako alipasuliwa uvimbe kama huu akarudi kulima, tafadhali niandikie. Ila usiniandikie maneno mawili. Niambie yote.