Mgagani wa Saza

Nilipoolewa niliondoka Mbebe na mbegu za maharage ambazo mama alizichambua mwenyewe na kunifungia kwenye kitambaa. Mume wangu alikuwa kibarua katika mgodi wa dhahabu kule Saza, enzi za Mwingereza, na kambini hapo ndipo nilipoanzia maisha ya ndoa.

Kwetu ni milimani, kwenye ukungu na udongo mweusi. Saza ilikuwa joto na vumbi. Tulipewa posho ya unga, chumvi na maharage makavu. Mboga za majani zilikuja na lori mara chache, kabichi zilizokwisha kunyauka njiani, nazo zilianzia jikoni kwa wakubwa wa mgodi.

Mvua za kwanza nilipiga matuta nyuma ya nyumba, nikapanda mbegu zote za mama. Ziliota vizuri hadi nikaanza kujisifu. Kisha mvua ikakatika na jua likawaka. Majani yakageuka manjano, yakakauka. Nilikuwa nang'oa maharage ya tuta la mwisho huku machozi yananitoka, akapita mama mmoja mtu mzima wa kijiji jirani cha Mbangala aliyekuwa akituletea kuni. Akatua mzigo wake.

"Mwanangu, mbona unatupa mboga?"

"Maharage yamekufa, mama."

"Sisemi maharage. Hiyo hapo mkononi."

Nilikuwa nimeshika gugu lenye vijani vitanovitano, ambalo tangu mvua zianze nilikuwa naling'oa na kulitupa.

"Huo ni mgagani," akasema. "Jua hili ndilo unalolipenda. Chemsha, mwaga maji ya kwanza, kisha utie karanga."

Siku iliyofuata aliniletea pia mbegu za kunde, akanionyesha pa kuzipanda, chini ya mteremko ambako maji ya kuogea yalikuwa yakituama.

Jioni hiyo nilipika mgagani. Mume wangu alionja tonge moja, akasogeza bakuli.

"Chungu. Kwetu majani haya tunakamulia masikio yanayouma."

Nilikula peke yangu, naye akala ugali wake kwa maharage, siku ile na siku nyingi zilizofuata.

Baadaye ufizi wake ukaanza kuvimba. Akitafuna, damu inatoka. Wenzake kadhaa mgodini walikuwa vivyo hivyo. Alikwenda kwa mganga wa zahanati ya kambi, akarudi, akaketi karibu na mafiga.

"Amesema nile mboga za majani," akaniambia. Kisha, bila kunitazama, "Ile mboga yako chungu bado ipo?"

"Ipo."

Alikula polepole, akamaliza. Nilitaka kucheka, lakini nilimwonea huruma pia, maana alikuwa akitafuna kwa upande mmoja.

Ufizi ulipona taratibu. Jumapili tukitoka ibadani alianza kushuka na jembe bustanini, akazungusha uzio wa miiba kuzuia mbuzi. Kunde zikatambaa. Wake wa majirani wakawa wanakuja kuomba majani, nami nikiwapa nawapa na mbegu, hadi mvua za mwaka uliofuata kila nyumba katika safu yetu ilikuwa na tuta lake. Yule mama wa Mbangala akawa hapiti bila kuingia. Anatua kuni, anakagua matuta kama yake, na akikuta nimeacha mgagani ukatoa maua, ananigombeza kwa kuacha majani yakomae.