Mkwe Wangu Aliyekwenda Kazini kwa Kuzunguka Nyumba

Kila asubuhi mkwe wangu alikuwa akitoka kwenda kazini na mkoba begani, viatu vya kisigino, midomo ameipaka rangi. Anatuaga, anafungua geti, analifunga nyuma yake, anazunguka ukuta mpaka uani, anaingia stoo. Hapo ndipo kazini. Msicheke, ngojeni kwanza.

Kazi yake ni kupokea simu za watu waliokatikiwa maji. Zamani aliifanyia kwenye jengo lenye lifti, hadi kampuni ilipochoka kulipa pango ikasema kila mtu akafanyie kwake. Wakampa kompyuta na hedifoni, wakamtakia kila la heri. Na sauti anayo, yule mtoto wa watu. Kuna mzee alipiga akiapa atakuja kuvunja madirisha ya ofisi. Walipomaliza kuongea mzee akaenda kuoga kwa maji ambayo hayajatoka, na akatakata. Mwenye kubisha abishe.

Lakini nyumbani palimshinda. Anakaa sebuleni, anapokea simu moja, anaona vumbi juu ya redio. Anaifuta. Kitambaa kimechafuka, anakifua. Akienda kukianika anakuta nguo za juzi zimekauka, anazikunja, na kabati nalo linamwambia lipangwe. Kufika adhuhuri nyumba inang'aa na nusu ya mji ina kiu. Mimi nami nilikuwa namwita kila nikipata la kusema, na la kusema halijawahi kunipungukia. Siku moja msimamizi wake akasikia kwenye simu sauti yangu ikiuliza nani kaficha sufuria kubwa. Akamwonya kwamba kelele nyingine ya nyumbani na kazi basi. Na mwanangu, mumewe, anachomelea mageti. Mwezi huu watu wanataka mageti, mwezi ujao hawayataki. Mshahara wa mke ndio uliokuwa ukimweka mtoto shuleni.

Ndipo akaleta sheria. Geti likifungwa, yeye hayupo. Asiitwe, mlango wa stoo usigongwe, hata tukikutana naye akienda chooni tusimjue. Mimi sheria nilizipenda. Nilikuwa nikikutana naye uani namwuliza, "Habari yako dada, unamtafuta nani hapa?" Anapita kimya, mbavu zinamuuma kwa kujizuia kucheka. Nikampa na jina, Ofisa.

Stoo yenyewe ni nyembamba, ukitaka kupiga chafya unatanguliza pua nje. Hata hivyo ilimfaa. Hakukuwa na redio ya kufuta wala mimi. Akawa anapokea simu nyingi kuliko wenzake wote, msimamizi akamsifu mbele yao, na jioni akawa anaingia kwa geti amechoka vizuri, kama mtu aliyetoka mbali.

Aliyeishika sheria ile kuliko sote ni mjukuu wangu, ambaye kwa mdomo wake tunamwita Chiriku. Wenzake wakimwuliza mama yako yuko wapi, anawaambia yuko kazini, mbali.

Siku hiyo nilitoka kwenda kumjulia hali shoga yangu aliyevunjika mguu. Sikumuaga Ofisa, maana aliye kazini utamuagaje? Mwanangu alikuwa karakana. Huku nyuma Chiriku akarudishwa kutoka shule mapema, sikio linamuuma. Akakuta nyumba imefungwa. Akazunguka uani, akakaa chini ya ukuta wa stoo, akawa anamsikia mama yake ndani akiwapa watu pole. Pole mama, pole baba, nakuelewa kabisa. Alilia pale, lakini mlango hakuugonga.

Maumivu yalipozidi akaenda kwa jirani yetu, fundi cherehani, akaomba simu ampigie mama kazini. Fundi alikuwa na bibi harusi amesimama juu ya kiti, gauni nusu limeshikwa na pini. Akamwambia, "Mama yako si nimemwona akiingia uani?" Chiriku akasema yule ndiye aliye kazini. Fundi, pini mdomoni, hakutaka mabishano. Akamwonyesha simu mezani, na bili ya maji ukutani yenye namba ya huduma kwa wateja.

Wapokeaji siku hizo walikuwa watatu tu. Mtoto akasikilizishwa muziki, akasubiri zamu yake kama mteja yeyote, kisha simu ikaangukia stoo kwetu.

"Naomba kuongea na mama yangu. Sikio linaniuma."

Ofisa alikuwa bado anaandika malalamiko ya mtu aliyetangulia. Masikio yalikuwa hapo, akili haikuwapo. Mdomo ukajibu wenyewe.

"Pole sana kwa usumbufu, mteja wetu mpendwa. Tatizo lako limepokelewa, mafundi wanalishughulikia."

"Asante," mtoto akasema, akakata.

Ile asante ndiyo iliyomwamsha. Akaona kwenye kompyuta namba ni ya fundi, akaacha hedifoni ikining'inia, wateja wakiita, akatoka mbio na kisigino kimoja. Alimkuta Chiriku chini ya meza ya fundi, kwenye vipande vya vitambaa, kiganja sikioni, mwili unachoma. Akambeba mpaka zahanati. Sikio lilikuwa limeoza ndani, na daktari akasema limechelewa kidogo, si sana. Hilo "kidogo" Ofisa akarudi nalo nyumbani.

Nilipomkuta jioni aliniambia alisikia kilio nje ya ukuta, akadhani ni mtoto wa jirani, akaongeza sauti ya hedifoni. Nikasema basi, hukujua. Akawa anakunja na kukunjua shuka la mtoto. Halafu akasema, "Hapana mama. Nilimjua. Nilijiambia kuna watu nyumbani."

Msimamizi alipiga muda si mrefu, akitaka kujua kwa nini simu ziliita bila mtu. Nikamnong'oneza mkwe wangu aseme chui ameingia stoo. Nilikuwa na chui mzuri kabisa, tayari na mkia wake, na kama chui hatoshi nilikuwa na paa lililopeperuka. Akanisukuma taratibu kwa mkono.

"Mama, niache nigombezwe."

Akamweleza yule bwana yote, hata lile jibu la "mteja wetu mpendwa". Bwana akamgombeza kwelikweli, akasema kuanzia kesho atasikilizwa kila simu, na akikosea tena asimtafute. Yeye anaitikia ndiyo, ndiyo, mabega yanashuka, kama mtu anayekandwa mahali panapouma. Kazi haikupotea. Sikumwona akifurahi.

Maana aliyestahili kumgombeza alikuwa kitandani, pamba sikioni, na hakuwa na neno naye. Ofisa akamwuliza kwa nini hukugonga, mwanangu, nilikuwa pale pale. Chiriku akamtazama kama anayeulizwa jambo la wazi.

"Ulikuwa na watu wengi," akasema, kisha akauliza kama yule bibi harusi ameshashuka kwenye kiti.