Mota Aliyoisuka Shemeji

Matanga ya mume wangu yalipoisha, mdogo wake alibadilisha kufuli ya karakana yetu pale Makambako. Hakungoja hata viti vya msiba virudishwe kanisani.

Karakana ilikuwa ya kusuka mota. Mashine ya kusaga au ya kupasulia mbao ikiunguza mota, mwenyewe aliileta kwetu, na mume wangu alitoa waya za shaba zilizoungua akasuka mpya. Mimi kwa miaka tisa nilipokea wateja, nilikata karatasi za kuhami waya, nilipaka vanishi. Kusuka kwenyewe sikujifunza. Yeye alikuwepo, nijifunze ya nini?

Nilimwambia shemeji, "Basi niachie hata maikromita yake." Ni kifaa kidogo cha kupimia unene wa waya, na mume wangu alikuwa akikifunga kwenye kitambaa kama dhahabu.

"Ukapimie nini, shemeji? Wewe nenda kasuke nywele."

Wanaume waliokuwa wamekaa nje walicheka. Waliocheka walikuwa wanne, na sura zao ninazo mpaka leo. Hatukuwa tumejaliwa mtoto, na ukoo ulishaamua kwamba mjane asiye na mtoto hana anachongoja. Nikarudi kwa mama yangu, Njombe.

Ulikuwa msimu wa baridi, ule ambao ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Nilikaa dirishani, mahali pekee penye mtandao nyumbani kwetu, nikaandika kwenye simu: kusuka mota. Ilikuja video ya fundi mmoja wa Kihindi. Uso wake sijawahi kuuona, ni mikono tu, na lugha yake sikuielewa hata neno. Lakini mikono ile ilikuwa inatumbukiza waya kwenye matundu ya chuma taratibu, inagonga kwa kipande cha mwanzi, inarudia. Nilisimamisha, nikarudisha nyuma, nikachora daftarini. Mume wangu alikuwa akigonga vivyo hivyo. Nililia kidogo, kisha nikabonyeza iendelee.

Kuiga nikaweza. Kilichonishinda ni kujua kwa nini. Kwa nini waya huu na si ule? Kwa nini mizunguko idadi hii? Mimi niliishia kidato cha pili. Basi nikaanza upya: mwalimu mmoja wa mtandaoni akanifundisha sehemu na desimali, mwingine akanieleza umeme kwa mfano wa maji kwenye bomba, kwamba ukilazimisha maji mengi kupita kwenye bomba jembamba, bomba litateseka. Wote walifundisha bure. Hawakuniuliza mimi ni mke wa nani.

"Unasoma nini mchana kutwa?" mama aliniuliza, viazi vikimngoja shambani.

"Namsoma shemeji."

Mota ya kwanza niliyosuka, ya feni iliyotupwa, ilitoa moshi. Ya pili pia. Ya tatu ilizunguka juu ya meza, nami nikakaa mbele yake kama mtu anayetazama sinema. Baadaye jirani akaniletea pampu, kisha fundi seremala akaniletea randa yake ya umeme. Mwaka wa pili ulipoisha nilikuwa na kibanda changu na wateja wanaonijua.

Siku moja akaja mzee mmoja mwenye mashine ya kusaga hapahapa Njombe. Mota yake ilikuwa imesukwa Makambako, kwa shemeji, ikaungua. Ikasukwa tena palepale, ikaungua tena. Fundi alimwambia ni umeme wa mtaani kwake. Nilipoifungua, sikuhitaji hata kupima. Waya ulikuwa mwembamba kuliko unaotakiwa.

Mama alinisihi, "Itengeneze, nyamaza."

Ningeweza. Badala yake nilimwambia yule mzee, "Mwite fundi wako aje Jumamosi. Usimwambie mota iko kwa nani. Na wenzako wenye mashine waje pia."

Shemeji aliingia kibandani akiwa na mkoba wa mume wangu begani. Aliponiona alitaka kugeuka, lakini mlango ulikuwa umejaa watu.

"Karibu, shemeji," nikasema. Mezani nilikuwa nimelaza waya mbili: kipande cha waya wa kiwandani nilichokikuta kimebaki ndani ya mota, na waya wake. "Tupimie. Maikromita unayo."

"Hii kazi ndiyo umeniitia?"

"Pima," alisema mzee.

Akapima.

"Soma kwa sauti," nikamwambia.

Alisoma kipimo cha kwanza, akasoma cha pili, na cha pili alikisoma kwa sauti ndogo. Mzee aliokota ule waya mwembamba. "Kwa hiyo umeme wa mtaani kwangu ndio uliopunguza waya?"

Nilikuwa nimetamani wacheke. Hawakucheka, walitikisa vichwa tu, wakatoka mmoja mmoja. Ilitosha. Kabla mvua hazijaanza karakana ya Makambako ilikuwa imefungwa, na shemeji amehamia Mlangali kulima mahindi na maharage kwenye shamba la wakwe zake.

Mama mkwe alikuja kuniona.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama."

"Mwenzako ameshika jembe. Umefurahi?"

"Nimefurahi, mama."

Alilia. Nilimpikia chai, akainywa. Akaniomba nimpokee mwanawe kibandani, hata awe wa kupaka vanishi. Nilikataa. Nilimwambia masomo yapo wazi, na mimi sikushikwa mkono na mtu. Aliondoka bila kuniaga, na mpaka leo hajarudi.

Jumapili huenda kanisani na mama yangu. Katika sala, tunapofika mahali pa kuwasamehe waliotukosea, mimi hunyamaza. Mama aligundua. Juzi alinigusa kwa kiwiko, akaninong'oneza, "Sema."

Nilitazama mbele, nikangoja wapite hapo.